Sungura alivyofichua siri ya kuhara, na faida yake kwa mfugaji

ASUBUHI mbaya ya mfugaji wa nguruwe huanza na harufu. Anafungua mlango wa banda anakuta vitoto vya siku tatu vimelala pembeni, mikia imelowa, macho yameingia ndani na ngozi imesinyaa. Kufikia jioni viwili vimekufa. Kesho yake vinafuata vingine viwili.

Hesabu yake ni rahisi na inauma. Nguruwe jike aliyezaa vitoto 10 akabakiwa na sita amempotezea mwenye mali asilimia 40 ya mauzo ya uzao huo, wakati gharama ya kumlisha mama haikupungua hata kidogo.

Wengi hudhani ugonjwa huo hauna uhusiano wowote na kipindupindu kinachoua watu. Ukweli ni kwamba magonjwa hayo mawili yanafanya kazi kwa njia moja. Bakteria hujishikiza kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, hutoa sumu, na sumu hiyo hulazimisha maji na chumvi za mwili kumwagika ndani ya utumbo hadi mgonjwa akaukiwe.

Siri hiyo haikugunduliwa kwa kumchunguza nguruwe wala binadamu. Iligunduliwa kwa sungura, katika mji wa Calcutta nchini India, na daktari ambaye hakuwa na mashine za gharama kubwa. Kilichofuata baada ya hapo kimeokoa watu wengi, na kimebadilisha pia namna ya kufuga nguruwe, ndama na kuku.

Koch akwama

Mwaka 1884, mtaalamu wa Ujerumani, Robert Koch, alikuwa Calcutta akitafuta chanzo cha kipindupindu. Alimpata bakteria mwenye umbo lililopinda kama alama ya mkato, akamkuta kwa wagonjwa mmoja baada ya mwingine.

Hata hivyo, alipojaribu kuwaambukiza wanyama alikwama. Wanyama waliolishwa bakteria hao hawakuugua kama wanavyougua watu. Koch alihisi kwamba bakteria huyo anatoa sumu ya aina fulani, lakini hakuwa na mnyama wa kumthibitishia hilo.

Kukosa mnyama anayefaa kulirudisha nyuma utafiti kwa miaka mingi. Watafiti waliwachoma wanyama sindano zenye bakteria kwenye mishipa ya damu au tumboni nje ya utumbo. Wanyama walikufa, ila hawakuhara. Ilikuwa ni sawa na fundi anayetafuta bomba linalovuja jikoni kwa kubomoa ukuta wa sebuleni.

Wengine waliamini kwamba kipindupindu kinaharibu ngozi ya ndani ya utumbo, na kwamba uharibifu huo ndio unaoleta kuhara. Imani hiyo ilidumu hadi katikati ya karne ya 20.

Uzi na sindano

Aliyefungua fundo hilo ni Sambhu Nath De, aliyezaliwa mwaka 1915 katika wilaya ya Hooghly, jimbo la Bengal. Baada ya kusomea udaktari Calcutta na kupata shahada ya uzamivu London, alirudi nyumbani, mahali ambapo kipindupindu kilikuwa kikirudi mwaka hadi mwaka.

De alijiuliza swali la kawaida kabisa. Ikiwa ugonjwa uko ndani ya utumbo, kwa nini bakteria wawekwe mahali pengine?

Alichukua sungura, akamlaza kwa dawa ya usingizi na kumpasua tumbo. Akavuta utumbo mwembamba na kufunga kipande kifupi kwa uzi, ncha hii na ncha ile, bila kukata mishipa ya damu. Ndani ya kipande hicho akapenyeza bakteria wa kipindupindu kwa sindano, kisha akarudisha utumbo mahali pake na kushona.

Siku iliyofuata alikuta kipande kile kimevimba kama puto, kimejaa maji yanayofanana na maji ya mchele, yaleyale yanayomtoka mgonjwa wa kipindupindu. Vipande vya jirani ambavyo havikuwekewa bakteria vilikuwa vikavu. Matokeo hayo, aliyoyapata akishirikiana na mwenzake, yalichapishwa mwaka 1953.

Uzuri wa mbinu hiyo ni kwamba sungura mmoja aliweza kufungwa vipande kadhaa, hiki chenye bakteria, kile chenye maji matupu, kwa hiyo kulinganisha kulikuwa rahisi. Aidha, haikuhitaji vifaa ambavyo hospitali ya kawaida haina.

Mwaka 1956, De na wenzake walitumia sungura hao kupima bakteria wengine, wale wa jamii ya E. coli waliotoka kwa wagonjwa wa kuhara. Baadhi yao walijaza maji kwenye utumbo vilevile. Hapo ndipo udugu wa kipindupindu na aina nyingine za kuhara ulipoanza kuonekana.

Hatua kubwa ilikuja mwaka 1959. De alikuza bakteria wa kipindupindu ndani ya supu ya maabara, akaichuja supu hadi asibaki bakteria hata mmoja, kisha akapenyeza maji hayo yaliyochujwa kwenye utumbo wa sungura. Utumbo ukajaa. Haikuwepo shaka tena kwamba anayefanya kazi ni sumu inayotolewa na bakteria. Miaka 75 ilikuwa imepita tangu Koch aotee jambo hilo katika mji huohuo.

De hakupewa tuzo ya Nobel, ingawa mwanasayansi wa Marekani, Joshua Lederberg, ambaye mwenyewe aliwahi kuipata, alimpendekeza. Alifariki dunia mwaka 1985, akiwa hajulikani sana hata katika nchi yake.

Kutoka sumu hadi kikombe cha maji

Baada ya De, wengine walichunguza sumu hiyo kwa karibu. Ilionekana kwamba haiharibu ukuta wa utumbo. Inachofanya ni kuingia kwenye seli na kuziamuru zitoe chumvi mfululizo, na maji hufuata chumvi. Ni kama mtu aliyefungua bomba la nyumbani akaondoka na koki mkononi. Mgonjwa aliyezidiwa anaweza kupoteza hadi lita moja ya maji kwa saa.

Ukuta ukiwa mzima maana yake ni kwamba milango mingine ya utumbo bado inafanya kazi. Sungura tena ndiye aliyesaidia kuionyesha. Mwaka 1964, Wamarekani wawili, Stanley Schultz na Ralph Zalusky, walitumia vipande vya utumbo wa sungura kuonyesha kwamba sukari na chumvi huingia mwilini kwa kusaidiana. Palipo na sukari, chumvi hupita kwa wingi zaidi, na maji hufuata.

Mlango huo hauzibwi na sumu ya kipindupindu. Kwa hiyo mgonjwa akinywa maji yenye chumvi na sukari kwa kipimo sahihi, maji yanaingia hata kama koki ile nyingine bado iko wazi.

Mwaka 1971, vita vya Bangladesh vilipowajaza wakimbizi kwenye kambi za mpakani India, daktari Dilip Mahalanabis alitumia maji hayo katika kambi ya Bangaon baada ya dripu kuwa haba. Vifo vya kipindupindu ambavyo vilikuwa karibu asilimia 30 vilishuka hadi chini ya asilimia 4. Hizo ndizo pakiti za ORS zinazopatikana leo katika zahanati na maduka ya dawa.

Ujuzi wa sumu hiyo ulizaa pia chanjo. Mwanzoni mwa mwaka 2009, wakazi wa baadhi ya maeneo ya Unguja na Pemba walipewa chanjo ya kunywa yenye bakteria wa kipindupindu waliouawa pamoja na sehemu ya sumu yao isiyodhuru. Utafiti uliofuata ulionyesha kwamba waliokunywa dozi zote mbili walikingwa kwa asilimia 79.

Mnyama gani kwa ugonjwa gani

Kama mfugaji anavyojua kwamba mbegu inayostawi nyanda za juu inaweza kushindwa pwani, ndivyo watafiti walivyojifunza kwamba hakuna mnyama mmoja anayefaa kwa magonjwa yote ya tumbo.

Sungura anafaa kwa sumu za kipindupindu na E. coli. Kwa bakteria wa Salmonela wanaoharisha watu, ndama ni bora zaidi, kwa sababu utumbo wake huvimba na kuhara kwa namna inayokaribia sana ya binadamu. Panya mdogo wa maabara akipewa Salmonela hao hao haharishi. Wao humwingia kwenye ini na wengu, akaugua ugonjwa unaofanana na homa ya matumbo.

Bakteria wa homa ya matumbo yenyewe humuugua binadamu peke yake, kwa hiyo panya yule mwenye Salmonela wa aina nyingine ndiye aliyetumika kama kibadala kwa miaka mingi.

Bakteria wa kuhara damu, Shigela, ndiye aliyesumbua zaidi. Panya wa kawaida hamwugui hata akilishwa wengi kiasi gani. Mwaka 2020 tu ndipo watafiti wa Marekani walipochapisha habari za panya waliobadilishwa jeni, wakaondolewa ulinzi fulani wa utumbo ambao panya anao kwa nguvu kuliko binadamu. Panya hao waliugua kama watu.

Nguruwe ana nafasi ya pekee. Tumbo lake na chakula chake vinakaribia vya binadamu, anakula nyama na majani, na vitoto vyake vinahara kwa E. coli kama watoto wachanga wanavyohara. Faida yake ni mara mbili, maana kinachogunduliwa kwa kitoto cha nguruwe kinamsaidia mtoto wa mtu na kinamsaidia mfugaji papo hapo.

Bakteria mwenye vishikizo

Mfano mzuri unatoka Uingereza. Katika miaka ya 1970, watafiti waligundua kwamba E. coli wanaoua vitoto vya nguruwe wana nywele ndogo mwilini ambazo hutumika kama vishikizo. Bila vishikizo hivyo, bakteria husombwa na chakula na kutoka nje kabla ya kuleta madhara.

Mwaka 1975 walieleza jambo lingine. Baadhi ya nguruwe huzaliwa na utumbo usio na mahali pa vishikizo hivyo kunasa. Nguruwe hao hawaugui aina hiyo ya kuhara, na hali hiyo hurithiwa.

Mtu angedhani dawa ni kununua majike wa aina hiyo tu. La hasha. Jike ambaye bakteria hawanasi kwake hatengenezi kinga dhidi yao, kwa hiyo maziwa yake ya kwanza hayana silaha. Akipandwa na dume la kawaida, vitoto hurithi utumbo unaonasa bakteria na havipati kinga kutoka kwa mama. Vinakufa zaidi kuliko vya jirani.

Ndiyo maana Denmark ilipoamua kutumia kipimo cha jeni kuanzia miaka ya 2000, ilianza kwa kuchagua wanyama wa mbegu kwa mpangilio, si kwa kubahatisha.

Kwa mfugaji mdogo asiye na kipimo hicho, ugunduzi wa vishikizo ulileta njia nyingine iliyo karibu. Ni chanjo inayochomwa kwa jike mwenye mimba kabla hajazaa. Mwili wake hutengeneza kinga dhidi ya vishikizo vya bakteria, na kinga hiyo hupita kwenye dang'a.

Hapa pana jambo ambalo halina mjadala. Kitoto cha nguruwe na ndama huzaliwa bila kinga yoyote kutoka kwenye damu ya mama, tofauti na mtoto wa binadamu. Kinga yao yote ya mwanzo iko kwenye dang'a, na mlango wa utumbo unaoipitisha hufungwa ndani ya takriban saa 24. Chanjo ya gharama kubwa haina maana ikiwa kitoto dhaifu kimesukumwa pembeni na wenzake hakijanyonya siku hiyo ya kwanza.

Kifaranga asiyemjua mama

Wafugaji wa kuku nao wana lao. Mwaka 1971 Finland ilikumbwa na mlipuko wa Salmonela kwenye kuku wa nyama. Mtaalamu Esko Nurmi na mwenzake M. Rantala walijiuliza kwa nini kuku wakubwa hustahimili wakati vifaranga huambukizwa na bakteria wachache tu.

Jibu lilikuwa kwenye mashine ya kuangulia. Kifaranga anayelelewa na kuku mama huokota bakteria wema kutoka kwenye kinyesi na manyoya ya mama tangu saa ya kwanza. Kifaranga wa mashine huanza maisha na utumbo mtupu, na Salmonela akiingia anakuta nyumba haina mwenyewe.

Mwaka 1973 watafiti hao walichapisha matokeo yao. Vifaranga waliopewa bakteria kutoka kwenye utumbo wa kuku mkubwa mwenye afya walizuia Salmonela. Njia hiyo baadaye ilifanywa bidhaa inayopimwa na kutumika viwandani. Mfugaji asijaribu kuwalisha vifaranga kinyesi cha kuku wa jirani, kwani anaweza kuwaletea kuharisha damu na minyoo badala ya kinga.

Antibaotiki ikigeuka adui

Somo hilohilo la nyumba isiyo na mwenyewe lilikuwa limeonekana kwa panya mapema zaidi. Mwaka 1954, watafiti wa Chicago, Marekani, waliwapa panya dawa ya streptomycin kisha wakawalisha Salmonela. Panya wa kawaida alihitaji kulishwa takriban bakteria laki moja ndipo aambukizwe. Aliyepewa dawa aliambukizwa na bakteria wasiofika kumi.

Dawa ilikuwa imewafukuza bakteria wema wanaolinda utumbo.

Mwishoni mwa miaka ya 1970, hamsta, mnyama mdogo wa jamii ya panya, alisaidia kueleza kwa nini wagonjwa wengine hospitalini walianza kuhara vibaya baada ya kutumia antibaotiki. Bakteria aitwaye Clostridium difficile alikuwa akijitwalia utumbo baada ya wema kuuawa.

Kwa mfugaji anayechanganya antibaotiki kwenye maji ya kuku au chakula cha nguruwe kila wiki "ili wasiugue", maana yake ni wazi. Analipa fedha kuondoa walinzi. Tena bakteria wanaosalia huzoea dawa, na siku ugonjwa wa kweli ukiingia dawa haifanyi kazi kwa mnyama wala kwa mtoto wake.

Masoko nayo yamebadilika. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku antibaotiki za kukuzia mifugo mwaka 2006.

Mipaka na kanuni

Mnyama si binadamu, na watafiti wenyewe ndio wa kwanza kulisema hilo. Panya hawezi kutapika. Tindikali ya tumbo hutofautiana, na bakteria wema wa kila mnyama ni wa kwake. Dawa inayofanya kazi kwa panya yaweza kushindwa kwa mtu, ndiyo maana majaribio kwa watu wa kujitolea hubaki kuwa ya lazima.

Kuna pia suala la maumivu ya mnyama. Mwaka uleule wa 1959 De alipochapisha habari za sumu, Waingereza William Russell na Rex Burch walitoa kitabu kilichoweka kanuni tatu zinazofuatwa hadi leo. Mahali inapowezekana mnyama asitumike. Akitumika, idadi iwe ndogo kadiri inavyowezekana. Na maumivu yake yapunguzwe.

Kanuni ya kwanza imepata nguvu tangu mwaka 2009, wataalamu wa Uholanzi walipoweza kukuza vipande vidogo vya utumbo ndani ya maabara kutokana na seli moja ya panya. Baadaye vilikuzwa vya binadamu pia. Sasa bakteria wa binadamu anaweza kuchunguzwa kwenye seli za binadamu. Hata hivyo, vipande hivyo havina damu inayozunguka wala chakula kinachopita, kwa hiyo wanyama bado hawajaachwa kabisa.

Mfugaji wa sungura anayewaza kupata soko kwenye maabara ajue kwamba maabara hutaka wanyama wa ukoo unaojulikana, wenye kumbukumbu za afya na waliolelewa mbali na vimelea. Sungura wa kibanda cha nyumbani soko lake bado ni nyama na mbegu.

La kufanya bandani

Yote haya yakirudi kwa mfugaji yule wa asubuhi mbaya, yanampa mpango. Banda lisafishwe na kukaushwa kabla ya jike kuingia kuzaa. Jike achanjwe kwa ushauri wa daktari wa mifugo pale chanjo inapopatikana. Kila kitoto kisimamiwe kinyonye dang'a siku ya kwanza, na kiwekewe joto, kwani kitoto chenye baridi hakinyonyi.

Kinachohara kipewe maji safi yenye chumvi na sukari iliyotengenezwa kwa ajili ya mifugo, mapema, kabla macho hayajaingia ndani. Ndama anayehara asinyimwe maziwa. Apewe maziwa yake, na maji hayo kati ya mlo na mlo. Antibaotiki isubiri daktari aseme.

Na kwa kuwa bakteria wengine wa bandani humharisha pia mtu, hasa Salmonela, mfugaji aoshe mikono kwa sabuni kabla ya kushika chakula au mtoto. Nyumbani, mtoto anayehara asipopata pakiti ya ORS achanganyiwe vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, vyote vya kusawazisha, katika lita moja ya maji safi, huku akipelekwa zahanati.

Kipimo hicho kisizidishwe chumvi. Maji ya aina hiyo yanaingia mwilini kwa mlango uleule uliochunguzwa kwenye utumbo wa sungura, na mlango huo hufunguka vizuri pale tu chumvi na sukari zinapofika kwa kiasi chake.